Programu za Kompyuta katika Shule za Sekondari: Historia Fupi Tukitazama kutoka Masese

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi somo la programu za kompyuta lilivyoingia katika shule za sekondari za Uganda, tukilitazama kutoka Masese, mtaa wa wavuvi ulio kandokando ya Ziwa Viktoria, upande wa mashariki wa Jinja. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza: jambo hili lawahusu nini walimu wa Kiswahili? Jawabu letu ni kwamba lawahusu sana. Historia tutakayoisimulia yaonyesha kuwa mashine zilitangulia kufika, somo likafuata, na lugha ya kulielezea somo hilo ikabaki nyuma. Maadamu lugha ingali nyuma, mwanafunzi hujifunza kubonyeza bila kufahamu anachokibonyeza.

Maana ya programu

Yafaa tuanze kwa kufafanua jambo lenyewe. Kompyuta ina pande mbili. Upande mmoja ni maunzi, yaani vitu vinavyoshikika: kioo, kibodi, nyaya na vipande vya ndani. Upande wa pili ni programu, na hii haishikiki. Programu ni mfululizo wa maagizo yaliyoandikwa na binadamu ili mashine iyafuate moja baada ya jingine bila kuchoka na bila kuuliza. Kompyuta isiyo na programu ni sanduku tu.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba huko Ulaya maagizo yalitangulia mashine. Mwaka 1843 mwanamke wa Kiingereza, Ada Lovelace, alichapisha maelezo juu ya mtambo wa kukokotoa uliobuniwa na Charles Babbage, akaonyesha hatua kwa hatua jinsi mtambo huo ungeweza kukokotoa hesabu ngumu. Mtambo wenyewe haukukamilika kuundwa katika maisha yao. Hivyo maagizo yalikuwapo kwenye karatasi karibu miaka 100 kabla ya kompyuta za kwanza kuanza kazi. Kwetu Afrika ya Mashariki mambo yalikwenda kinyume: mashine ilishushwa melini ikiwa imekamilika, na maagizo yake yalikwisha kuandikwa mbali. Kinyume hicho kimeacha alama katika ufundishaji wetu hadi leo.

Masese na Jinja kabla ya kompyuta

Isidhaniwe kuwa Masese na Jinja zilikuwa pembezoni mwa ufundi. Jinja ipo mahali ambapo Mto Naili unatoka ziwani. Mwaka 1912 reli ya Busoga ilifunguliwa kutoka Jinja hadi Namasagali, na mwaka 1931 treni zikavuka daraja la Jinja kwenda Kampala. Mwaka 1947 shirika la utafiti wa samaki la Afrika ya Mashariki lilianzishwa hapo Jinja. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, na umeme wake ukafika hata Kenya. Viwanda vya nguo, vya kuyeyusha shaba na vinginevyo vikafuata, na nyumba za wafanyakazi zikajengwa Walukuba, jirani kabisa na Masese. Katika miaka ya 1960 meli za kubeba mabehewa ya reli ziliiunganisha Jinja na Kisumu na Mwanza.

Watu waliofanya kazi hizo walitoka pande nyingi: Busoga, Bugisu, Teso, magharibi ya Kenya, Tanganyika, hata Kongo. Lugha iliyowaunganisha kiwandani, relini na gatini mara nyingi ilikuwa Kiswahili. Lakini lugha hiyo ya kazi haikuheshimiwa darasani. Katika miaka ya 1920 gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu ya Uganda, na pendekezo hilo likapingwa vikali, hasa huko Buganda. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha zilizotambuliwa kwa elimu nchini. Basi kijana wa Walukuba au Masese alikisikia Kiswahili kila siku mahali pa kazi ya baba yake, lakini hakikumsaidia kueleza hesabu wala sayansi.

Tumelitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo shina la tatizo tunalolizungumzia. Ufundi ulikuwapo, vipimo na hesabu vilikuwapo, na lugha ya pamoja ilikuwapo. Vitu hivyo havikupata kukutana katika chumba cha darasa.

Mashine zafika Afrika ya Mashariki

Kompyuta za kwanza katika nchi zetu hazikuletwa kwa ajili ya shule. Zililetwa kwa ajili ya hesabu za serikali na mashirika makubwa. Huko Tanzania, kompyuta ya kwanza iliwekwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Haikupita miaka mingi, mwaka 1974, serikali ikatoa amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta nchini. Wakati fulani lilizuka hata neno ngamizi kuwa jina la mashine hiyo, neno ambalo sikio la msemaji hulihusisha upesi na kuangamiza. Kama lilikusudiwa hivyo au la, latukumbusha kuwa watu wetu waliikabili mashine hii kwa shaka, kama kitu cha wakubwa kilichofichwa katika chumba chenye baridi.

Kuingia kwa kompyuta katika madarasa ya sekondari kulianza baadaye. Mwaka 1983 shule ya Aga Khan mjini Nairobi ilianza mradi wa kompyuta katika elimu, kwa msaada wa Aga Khan Foundation. Katika miaka hiyohiyo Uganda ilikuwa katika shida. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa, viwanda vya Jinja vikadhoofika, na vita viliendelea nchini. Pamoja na shida hizo, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha taasisi yake ya sayansi ya kompyuta mwaka 1985, na mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale. Hata hivyo, hapana budi kukiri kuwa kwa mwanafunzi wa kawaida wa sekondari katika mashariki ya Uganda, kompyuta ilikuwa habari ya gazetini tu.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1997, wakati Benki ya Dunia ilipoanzisha mpango wa World Links wa kuziunganisha shule za sekondari kwa kompyuta na intaneti, na Uganda ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo. Kutokana na mpango huo shirika la SchoolNet Uganda liliota mizizi. Wakati huohuo mradi wa Uconnect, ulioanza mwaka 1996, ulikuwa ukizipelekea shule kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo. Kisha Tume ya Mawasiliano ya Uganda, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, ilianzisha mwaka 2003 mfuko wa kuendeleza mawasiliano vijijini, na mfuko huo ukajenga vyumba vya kompyuta katika shule nyingi za sekondari za serikali.

Hapo ndipo jambo la umeme lilipodhihirika. Katika miaka ya 2005 na 2006 kina cha maji ya Ziwa Viktoria kilipungua sana, na umeme ukagawanywa kwa zamu nchi nzima. Hata Jinja, mji uliouzalia umeme nchi nzima, ulikaa gizani. Mwalimu wa kompyuta alilazimika kuwa na masomo mawili kila siku: moja la siku yenye umeme, na jingine la siku isiyo na umeme. Siku isiyo na umeme mwalimu alisoma maelezo na wanafunzi wakayanakili daftarini. Tabia hiyo ya kunakili haikwisha umeme uliporudi.

Somo lapata nafasi katika mtihani

Kwa muda mrefu somo la kompyuta lilikuwa la kuchagua, na lilifundishwa mahali penye mashine tu. Mwaka 2012 Wizara ya Elimu iliamua kuwa kila mwanafunzi wa kidato cha tano na cha sita achukue ama hisabati ndogo ama somo dogo la teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani tehama. Kwa uamuzi huo maelfu ya vijana walilazimika kukaa mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza. Tunalihesabu tendo hilo kuwa hatua kubwa, kwani somo ambalo halitahiniwi katika nchi zetu huonekana kuwa mchezo.

Lakini ni nini kilichofundishwa? Sehemu kubwa ilikuwa ni matumizi ya programu za ofisini: ile ya kuandikia barua, ile ya majedwali ya hesabu, ile ya kuhifadhi kumbukumbu na ile ya kuonyesha picha mbele ya hadhira. Ujuzi huu una faida, wala hatuudharau. Karani, muuguzi na mwenye duka wote wanauhitaji. Kasoro yake ni kwamba mwanafunzi aliuhitimu akijua kuwa ukibonyeza hapa maandishi yananenepa, na ukibonyeza pale yanalala, bila kujua kuwa nyuma ya kila alama kuna maagizo yaliyoandikwa na mtu kama yeye.

Kasoro hii si ya Uganda peke yake. Tangu mwaka 1967 Seymour Papert na wenzake huko Marekani walikuwa wamebuni lugha ya Logo ili watoto waandike wenyewe maagizo ya kuiongoza mashine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa Uingereza walijifunza kuandika programu fupifupi kwa kompyuta ya BBC Micro, kwa kuwa mashine yenyewe haikufanya mengi bila kuagizwa. Baadaye zilipoenea programu zilizotengenezwa tayari, somo likageuka kuwa la kuzitumia. Waingereza walipoona vijana wao wanachoshwa na somo hilo, mwaka 2014 walilibadilisha, wakarudisha uandishi wa programu tangu shule ya msingi. Basi nchi tajiri nayo ilipotea njia, ikarejea. Sisi tuliingia njiani wakati wenzetu walikuwa wamekwisha kupotea, nasi tukadhani kuwa ndiyo njia yenyewe.

Programu zilizosema Kiswahili

Sasa tuje kwenye upande wa lugha. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao kutoka Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa programu huria, yaani maagizo yake yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyabadilisha na kuyagawa bila malipo. Katika miaka hiyohiyo kampuni ya Microsoft nayo ilitengeneza sura ya Kiswahili ya programu zake. Kwa mara ya kwanza Mswahili aliweza kufungua kompyuta akakuta maneno kama hariri, hifadhi, nakili, bandika na futa.

Kazi hiyo ilikuwa nzuri, na wale walioifanya wanastahili shukrani. Lakini haikuenea sana madarasani, na sababu yake haikuwa ubaya wa maneno. Tanzania, ambako Kiswahili kina nguvu kuliko kwingine kote, ilifundisha sekondari kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyetahiniwa kwa Kiingereza hakuona haja ya mashine inayosema Kiswahili. Aidha, maneno hayakuafikiana: wengine walisema kompyuta, wengine tarakilishi, na wengine bado walikumbuka ngamizi. Kamati zilitoa orodha, na orodha zikakaa kabatini. Neno la fani halikui kwa kuandikwa katika orodha. Hukua mwalimu anapolitamka, mwanafunzi akaliuliza, wakalitumia pamoja katika kazi mpaka likazoeleka.

Huko Uganda mambo yalielekea upande usiotazamiwa. Kiswahili, ambacho mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa na kisha kikachukiwa kwa kuhusishwa na askari, kilitajwa mwaka 2005 katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2020 ulianza mtaala mpya wa sekondari ya chini. Mtaala huo ulikiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima ya kidato cha kwanza na cha pili, na tehama ikawekwa miongoni mwa masomo ya kuchagua. Mwezi Machi mwaka huohuo shule zilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Mtihani wa kwanza wa kidato cha nne kwa mtaala huo ulifanywa mwaka 2024. Shule nyingi hazikuwa na walimu wa kutosha wa Kiswahili wala kompyuta za kutosha. Pamoja na hayo, kwa mara ya kwanza masomo haya mawili yaliandikwa katika mtaala mmoja, chini ya paa moja.

Mfano wa somo: samaki wa Masese

Tungependa kuonyesha jinsi masomo hayo mawili yanavyoweza kusaidiana, hata katika darasa lisilo na umeme. Tuchukue jambo ambalo kila mtoto wa Masese analijua. Sangara, ambaye katika pande hizi huitwa pia mbuta, haruhusiwi kuvuliwa akiwa mfupi kuliko sentimita 50. Mwalimu awaambie wanafunzi waandike kwa Kiswahili maagizo ya kumfanyia kazi karani asiyejua lolote, ila kutii. Mathalani:

1. Toa samaki mmoja kapuni.
2. Mpime urefu.
3. Ikiwa urefu ni chini ya sentimita 50, mweke upande wa kushoto.
4. Ikiwa urefu ni sentimita 50 au zaidi, mpime uzito, uongeze uzito huo katika jumla, kisha mweke upande wa kulia.
5. Ikiwa bado kuna samaki kapuni, rudi katika agizo la 1.
6. Ikiwa hakuna, taja jumla.

Hapo darasa limeandika programu. Ndani yake mna sharti, ambalo Kiswahili hulieleza kwa neno ikiwa. Mna marudio, katika agizo la tano. Mna jina linalobeba thamani inayobadilika, nalo ni jumla. Kisha mwalimu aharibu kwa makusudi. Afute maneno "mweke upande wa kulia", na badala yake karani amrudishe samaki kapuni. Wanafunzi wataona kuwa kapu halitakwisha kamwe, na jumla itazidi kukua bila kikomo. Afute maneno "au zaidi", nao watauliza: je, samaki mwenye zaidi ya sentimita 50 aende wapi? Karani hatajua la kumfanyia samaki huyo kwa kuwa hakuagizwa. Halafu mwalimu aulize swali lililo kubwa kuliko yote: ni nani aliyeamua kuwa kipimo kiwe 50? Si mashine. Ni sheria ya watu. Mashine hutii tu.

Somo kama hili halihitaji kompyuta hata moja. Lakini lahitaji lugha safi, kwa sababu agizo lenye utata huzaa kosa. Hapo mwalimu wa Kiswahili ana kazi ambayo mwalimu wa tehama peke yake huenda asiiweze: kufundisha tofauti kati ya "ikiwa" na "mpaka", kati ya "au" na "na", kati ya agizo na maelezo. Sarufi tunayoifundisha kila siku ndiyo ngazi ya kupandia katika fani hii. Mwanafunzi akishaelewa, atayavuka maneno ya Kiingereza yaliyo katika lugha za programu bila shida kubwa, kwani atakuwa anatafuta jina la kitu ambacho tayari anakifahamu.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Huenda ikasemwa kuwa mtoto wa mvuvi ahitaji kwanza karo na chakula. Hatukatai. Lakini tutazame maisha ya Masese yalivyo. Huduma ya pesa za simu ilianza Uganda mwaka 2009, na katika malipo hayo ni programu inayokata ada na kutoa ruhusa. Idadi ya samaki wa ziwa zima hukadiriwa kwa kompyuta, na shirika linalosimamia uvuvi wa Ziwa Viktoria, lililoundwa na nchi tatu kwa mkataba wa mwaka 1994, lina makao yake hapohapo Jinja. Takwimu zitokazo katika mashine hizo husaidia kuamua ni nyavu zipi ziruhusiwe na ni mitumbwi ipi izuiwe. Kijana anayedhani kuwa mashine hujua yenyewe, atanyamaza mbele ya kila jawabu lake. Kijana anayejua kuwa kuna maagizo na kuna aliyeyaandika, ataweza kuuliza kama yameandikwa sawasawa.

Hitimisho

Tumeona kuwa Jinja ilikuwa na bwawa la umeme tangu mwaka 1954, lakini shule zake zilingoja miongo kadhaa kupata kompyuta; kuwa kompyuta zilipofika, somo lilikuwa la kutumia kuliko la kufahamu; na kuwa maneno ya Kiswahili yalitungwa kwa bidii, lakini yakakosa darasa la kuyakuza. Mtaala wa mwaka 2020 umetupa darasa hilo. Hatuna haja ya kungoja kamati imalize ubishi kati ya kompyuta na tarakilishi. Tutumie neno ambalo wanafunzi wetu wanalijua, tulieleze barabara, na tulitumie katika kazi.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu wa Kiswahili, hasa wale wa Jinja na Mbale, wamwendee mwalimu wa tehama katika shule zao na kumwomba kipindi kimoja tu katika muhula. Wachukue kapu la samaki, au mizani ya kahawa ya Mlima Elgon kwa wale walio Mbale, waandike maagizo ubaoni kwa Kiswahili fasaha, kisha wayapeleke kwenye mashine pamoja. Matokeo ya kazi hiyo, mazuri na mabaya, yaandikwe na yaletwe katika kurasa hizi, ili wengine nao wapate kuyasahihisha na kuyaendeleza.